Nadhiri kwa Asiye na Kichwa

Siku ya Mama, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi dogo lilikuwa bado halijatoka Bangkok na mama yake Uan alikuwa ameshagombana na watu wawili. Wa kwanza alikuwa dereva, aliyetaka kuuweka mfuko wake nyuma pamoja na mizigo ya wenzake. Wa pili alikuwa Chuchat, mwongozaji wa safari, aliyejaribu kumsaidia kuubeba.

"Niachie," alisema Mama Prayong. "Mfuko huu umenizoea mimi."

"Una nini humo, mama? Dhahabu?"

"Dawa za magoti."

Magoti yake kweli yalikuwa mabovu, na baada ya wiki mbili daktari alikuwa anamngoja ampasue la kulia. Lakini hakuna dawa ya magoti duniani inayohitaji mfuko wa ukubwa ule. Uan aliona, akanyamaza. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, msimamizi katika idara ya maji, mtu ambaye mafundi thelathini walimwogopa, na alikwishajifunza zamani kwamba ukimuuliza mama yake jambo moja utajibiwa jingine. Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa Orathai. Jina la Uan, yaani Bonge, alipewa akiwa mchanga wa miezi minne, mashavu yamejaa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha, hata yeye mwenyewe.

Kila mwaka siku hiyo Uan alimpeleka mama yake kula hotelini, na kila mwaka mama yake aliikosoa supu. Mwaka huu Mama Prayong mwenyewe ndiye aliyeleta karatasi ya matangazo: asubuhi magofu ya mji wa kale wa Ayutthaya, mchana boti mtoni na kamba wa kuchoma, jioni nyumbani. "Hii," alisema, akaweka kidole juu ya picha. Kidole chenyewe kilipinda kwenda nyuma, kama vidole vya wachezaji wote wa zamani.

Kwa miaka thelathini na tano Mama Prayong alikuwa amecheza ngoma za nadhiri mbele ya madhabahu moja mjini. Watu walikuja pale kuomba kazi, mtoto, au mume asiyerudi arudi. Wengine waliomba mume aliyerudi aondoke. Wakipata, walirejea kutimiza walichoahidi, na wengi walikuwa wameahidi ngoma. Hapo ndipo akina Prayong walipovaa mataji yao ya dhahabu ya bandia, wakapiga goti, wakacheza kwa niaba ya mwenye nadhiri. Alijua sheria za nadhiri kuliko wakili anavyojua za ardhi. Nadhiri haidai zaidi ya ulichotamka, lakini inadai kilekile ulichotamka, bila punguzo. Aliwahi kumhudumia bwana mmoja aliyeahidi mayai mia moja ya kuchemsha akaleta tisini na tisa, na siku hiyohiyo akafungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Aliwahi pia kumpata mama mmoja aliyetamka kwamba akishinda kesi, ndugu zake wote watacheza, ilhali ana kaka sita na wanne wako ng'ambo. Mama Prayong alimcheka mama yule kwa wiki nzima.

Uan hakucheza. Hilo lilijulikana mtaani kote. Alipokuwa na miaka tisa, kwenye sherehe ya shule, mwalimu alimweka mstari wa mbele kwa kuwa ni binti wa Prayong. Vidole vyake havikupinda. Alikwenda kushoto wenzake walipokwenda kulia, na katikati ya wimbo mkanda wa vazi lake ulikatika kwa kishindo, ukumbi ukaangua kicheko. Hayo angeweza kuyasahau. Asichokisahau ni kwamba alitazama viti vya wazazi akamwona mama yake, mkono mdomoni, mabega yakitikisika kwa kucheka. Usiku ule alimwambia: "Usiniambie tena nicheze. Kamwe. Niahidi." Mama yake akaahidi.

Akaitunza ahadi ile kupita kiasi. Wasichana wa uchochoro mzima walifundishwa sebuleni kwao, Mama Prayong akiwakunja vidole mmoja mmoja kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa jambo jingine lolote, na Uan akafanya hesabu zake jikoni. Hakuitwa hata mara moja. Alijua kwa nini, au alidhani anajua: mama yake alimwonea aibu. Hakuwahi kulisema, na walipendana vizuri tu hata hivyo, kama watu wanavyoishi na dirisha bovu ambalo wamezoea kutolifungua.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na magofu yaliamka yamelowa, matofali mekundu kama yametoka tanuruni jana. Chuchat aliwatembeza nyuma ya kibendera chake cha manjano. Alikuwa kijana mcheshi mwenye sauti ya mnada, na mfukoni alikuwa na maua ya asumini ya kumpa kila mama aliyekuwa safarini. Kwenye kichwa cha Budha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, watu wote walichuchumaa kupiga picha, maana si adabu kichwa chako kiwe juu ya chake. Mama Prayong alibaki pembeni.

"Mimi nitamsalimu kutoka hapa," alisema. "Magoti yangu hayana adabu tena."

"Anakuelewa, mama," Chuchat alisema. "Yeye mwenyewe ana miaka mingi hajasimama."

Walikwenda hekalu la pili, kisha la tatu, lililo ukingoni mwa mto. "Dakika ishirini na tano!" Chuchat alitangaza. "Atakayechelewa, kamba wake nitawala mimi!"

Hapo Mama Prayong akageuka mtu mwingine. Aliyekuwa akijikokota tangu asubuhi alishika njia na mfuko wake, hakutazama minara, hakungoja maelezo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye safu ya masanamu yaliyokaa kando ya ukuta, yote yamekatwa vichwa na vita vya karne zilizopita, akaanza kuhesabu kutoka pembeni. La tano. Akasimama. Mabega ya sanamu lile yalikuwa yameota ukungu, na kwenye goti lake moja mtu alikuwa amesahau kifuniko cha chupa. Mama Prayong alikiondoa, akaufuta mguu wa jiwe kwa kiganja.

"Mama, unamjua huyu?" Uan alitania.

Mama yake alimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama anayetaka kumvukisha barabara. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Joto," akasema.

"Tukakae kivulini."

"Ngoja kwanza, Uan. Nataka..." Alimtazama binti yake usoni, kisha akatazama chini. "Basi. Hakuna kitu."

Filimbi ya Chuchat ililia langoni. Mama Prayong aliuachia mkono wa Uan, akainua viganja viwili kifuani kumuaga yule asiye na kichwa, akaondoka bila kugeuka. Ndani ya basi macho yake yalikuwa mekundu. "Vumbi," alisema. Vumbi lingetoka wapi na mvua ile?

Boti ilikuwa ya mbao, ya zamani, iliyobeba mpunga maisha yake yote kabla ya kufunguliwa madirisha na kubebeshwa watu. Nahodha, mzee Sawaeng, aliendesha kwa mguu mmoja huku mkono ukishika kikombe. Kamba waliletwa wamepasuliwa katikati, mafuta mekundu ya kichwani yakichuruzika, na mchuzi wa pilipili na ndimu pembeni. Upepo wa mtoni ulikuwa mtamu. Abiria walikula kama watu wasio na kwao.

Mama Prayong hakula. Alimgusagusa kamba wake kwa kijiko, akasema wazuri kabisa hawa, na wala hakulalamika. Hapo ndipo Uan alipoogopa. Mama yake kukiona chakula hakina kosa! Mama yake alipokwenda msalani, Uan aliuvuta ule mfuko atafute dawa ya kumchua magoti.

Hakukuwa na dawa. Kulikuwa na mataji mawili ya kuchezea, yamefungwa kwenye taulo. Kulikuwa na mitandio miwili myekundu. Mmoja ulikuwa mkuukuu, nyuzi zake za dhahabu zimechakaa, wa mama yake. Mwingine ulikuwa mpya, umeshonwa kwa mkono, mpana. Uan aliuweka kifuani. Ulimtosha barabara.

Mama yake alimkuta hivyo hivyo, mtandio mkononi.

"Nani kakwambia ufungue mfuko wa watu?"

"Mama, huu ni wangu?"

"Ni wa mtu mnene."

"Mama."

Mama Prayong alikaa. Alisema akitazama maji, haraka, kama anayekunywa dawa chungu.

Uan alipokuwa na miaka mitatu, kikundi chao kilikuja Ayutthaya kucheza kwenye tamasha, na mtoto akashikwa na homa ya dengi. Wiki moja tu lile bonge likaisha, likabaki mifupa na macho. Siku ya nane damu ilianza kumtoka puani, na daktari akamwambia mama mtu akapumzike kidogo, kwa sauti ambayo kila mama anaielewa. Prayong alitoka mbio, akavushwa mto, akaingia kwenye gofu. Wakati huo lilikuwa pori, ng'ombe wanakula majani katikati. Masanamu machache yenye vichwa yalikuwa yamezungukwa na maua, mishumaa na watu.

"Nikaona hao wana foleni," alisema. "Huyu wa tano hakuwa na mtu. Nikasema huyu atakuwa na nafasi ya kunisikiliza."

"Bila masikio?"

"Usimtanie! Amekuponya." Alifuta pua. "Nikamwambia, mtoto akipona, mimi na yeye tutacheza mbele yako bega kwa bega, wimbo wa polepole na wimbo wa haraka, mpaka mwisho. Usiku ule homa ikashuka."

"Mimi na yeye," Uan alirudia.

"Mimi na yeye. Mimi, mwenye kazi yangu! Ningesema 'mimi' peke yake, ningekuwa nimeshamaliza mwaka uleule. Lakini akili haikuwepo. Nilitaka kumwonyesha mtoto mzima, amesimama kwa miguu yake. Nilimcheka yule mama wa kaka sita, kumbe mjinga ni mimi."

Alikuwa amepanga kungoja mtoto ajue kucheza kidogo. Halafu ikaja ile sherehe ya shule, na ahadi ya usiku ule.

"Kwa hiyo ukanyamaza," Uan alisema. "Miaka thelathini na minne."

"Ningefanya nini? Yeye nilimwahidi, na wewe nilikuahidi. Ulikuwa unalia mpaka unapaliwa. Nikasema yeye ni jiwe, atangoja. Wewe ni mtoto."

Uan alijua nadhiri isiyotimizwa ni kitu gani. Kila mtu aliyezaliwa nchi ile anajua. Kilichotolewa chaweza kuchukuliwa. Akakumbuka simu za kila jioni, tangu alipoanza kazi, za kumuuliza kama amefika, simu alizokuwa akizipokea huku anakunja uso. Kila mafua yake, kila safari yake ya usiku, kila mara alipochelewa, mama yake alikuwa amekaa mahali fulani akihesabu deni lake kwa yule asiye na kichwa. Na hakusema neno, kwa sababu msichana wa miaka tisa alimwambia asiseme.

"Nilidhani unanionea aibu," Uan alisema. "Nilikuona unacheka siku ile."

"Nilicheka, ndiyo. Sana!" Mama Prayong alimkazia macho, ameshangaa kweli. "Mkanda umekatika kwa shibe! Mtoto niliyembeba mkononi kama kuni, leo ananenepa mpaka anakata mikanda. Ningeacha kucheka? Nilicheka na machozi. Hukuyaona machozi?"

Uan hakuyaona. Alikuwa ameona kicheko tu, akakaa nacho miaka yote hiyo. Alihisi uchungu na raha vikija pamoja, asijue ashike kipi. Alisimama, akamfuata Chuchat, aliyekuwa anapanga mabakuli ya matunda.

"Kaka, boti hii inapita tena mbele ya lile hekalu la mtoni?"

"Tukizunguka kona ile, dada. Dakika kumi. Lakini hatutii nanga, hakuna gati upande huo."

"Mama yangu ana nadhiri pale."

Chuchat aliweka bakuli chini. Hakuuliza nadhiri gani wala kwa nini. "Ya muda gani?"

"Miaka arobaini."

"Arobaini! Mmekaa mnakula kamba mna nadhiri ya miaka arobaini?" Akageukia usukani. "Mjomba Sawaeng! Kuna nadhiri humu ndani!"

Nahodha aliweka kikombe chini kwa mara ya kwanza tangu waondoke. "Mbona hamkusema mapema? Nilikuwa nashangaa, injini inakohoa tangu asubuhi."

Abiria walianza kusogeza meza kabla hawajaombwa. Aliyebaki kukataa alikuwa mwenye nadhiri mwenyewe.

"Sichezi," Mama Prayong alisema. "Nilikuahidi."

"Uliniahidi hutaniambia. Hujaniambia. Nimefungua mfuko mwenyewe."

"Na tena tuko majini."

"Ulitamka nini? Ulisema nchi kavu?"

Mtaalamu wa sheria za nadhiri akafikiri. Midomo yake ilisogea, akiyarudia maneno yale moja moja. "Nilisema mbele yako," alikiri mwishowe. "Majini pia ni mbele."

"Na magoti yako?"

"Magoti sikuyataja," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Walivikwa. Bibi mmoja wa viti vya nyuma alimfungia Uan mtandio na kumbana taji kwa pini za nywele zake mwenyewe. Boti ilikata kona, na minara ikatokea, myeusi kwa unyevu, na chini yake ile safu ya mabega yasiyo na vichwa. Mjomba Sawaeng aligeuza pua ya boti kwenye mkondo, akaishika palepale, injini ikinguruma. "Dakika saba!" alipiga kelele. "Zaidi ya hapo mto utanishinda!"

Chuchat alichukua kijiko na ndoo ya barafu akapiga mapigo. Mama Prayong akaanza kuimba, na sauti ilikuwa palepale ilipoachwa.

Uan alicheza vibaya. Tuseme ukweli, alicheza vibaya kuliko alivyocheza akiwa na miaka tisa, maana siku ile alikuwa amefanya mazoezi. Alimtazama mama yake na kumfuata, nusu pigo nyuma. Vidole vyake vilisimama wima kama vya askari wa barabarani. Wimbo wa haraka ulipoanza, boti iliyumba akamkanyaga mama yake, na mtu mmoja nyuma akacheka. Uan alikisikia kicheko kile kama kile cha ukumbi wa shule. Akageuka akamwona mama yake naye anacheka, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, taji limepinda. Safari hii aliyaona. Akaendelea.

Walimaliza. Mama Prayong hakuweza kupiga goti, kwa hiyo Uan alipiga kwa niaba ya wote wawili, na mama yake akaweka kiganja begani kwake. "Huyu ndiye," alisema kuelekea ukingoni, sauti ya kawaida kabisa, kama anayemtambulisha mgeni kwa jirani. "Ni mkubwa sasa. Asante kwa kungoja." Watu wote botini waliinua viganja. Mjomba Sawaeng akaachia boti, mto ukawabeba.

Meza zilirudishwa mahali pake. Mama Prayong alikula kamba wake, kisha wa Uan, akasema mchuzi umezidi ndimu. Goti la kulia lilikuwa limevimba, naye alilinyoosha juu ya kiti cha mbele bila kujali mtu.

"Mkono wa kushoto," alisema, akilamba kidole.

"Una nini?"

"Umeukosea. Tangu mwanzo hadi mwisho. Kidole gumba kinaingia ndani, wewe ulikitoa nje kama unaomba lifti."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama Prayong alishusha kidole. "Nilikuahidi," alisema.

Uan alifuta mafuta ya kamba kwenye mkono wake wa kushoto, kidole kimoja kimoja, akaunyoosha juu ya meza, kiganja juu.

"Hebu nionyeshe," alisema.

Mama yake alimtazama. Kisha akavuta kiti karibu, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, na taratibu, kwa ile subira ya sebuleni, akaanza kuvikunja vidole nyuma.